Mkono Uliofungua Mafundo

Jua lilikuwa limekwisha kuingia nyuma ya vilima vya Matumbi Laurenti alipotoka mbio kwenda kumwita mkunga. Kazi ya kawaida tu. Wanaume wangapi wameifanya? Lakini wangapi waliifanya huku wakilia?

Mkewe, Genoveva, alikuwa na mimba ya mapacha. Miezi minane kasoro. Miguu ilimvimba kama mihogo ya msimu wa pili, kichwa kilimpasuka, macho yaliona vimulimuli mchana kweupe. Mhudumu wa zahanati ya misheni alisema wazi: huyu abebwe kwa machela hadi hospitali ya Kilwa, la sivyo watakufa watatu. Jumbe wa kijiji akajibu kwamba watu hawapo, ni wakati wa palizi. Juma lile lile walipatikana watu kumi wa kubeba masanduku ya Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, na kiti chake, na beseni lake la kuogea. Beseni! Beseni lilipata wabebaji, Genoveva akakosa.

Basi Laurenti akabaki naye. Akateka maji, akatwanga, akamkanda miguu kila siku.

"Laurenti, na wewe umeshika mimba?" jirani yake Tomaso alimpigia kelele kisimani. "Mkeo kakulisha nini, bwana?"

Kijijini pale mume akimpiga mkewe ni mzima. Akimkanda miguu, karogwa.

Mwezi wa nne wa mimba, damu ilipoanza kumtoka, mkunga Bibi Theresia alimfunga Genoveva ugwe mweusi kiunoni. Mafundo mawili, moja kwa kila mtoto, ili mimba isiporomoke. Na sharti ni moja: mtoto hatoki mpaka fundo lake lifunguliwe, na mkono uliofunga ndio ufungue.

Sasa uchungu ulikuwa umeshika, kabla ya wakati.

Kwa Bibi Theresia ni ng'ambo ya kijito. Laurenti hakufika kijitoni. Alimkuta njiani, amesimama kati ya migomba, amejifunika kaniki hadi usoni.

"Shikamoo, Bibi!"

Kimya.

"Genoveva ameshikwa. Njoo umfungue, Bibi, nakusihi… njoo ufungue yote mawili!"

Mwanamke yule akageuka, akatangulia. Alikwenda upesi mno kwa mtu mwenye magoti mabovu. Laurenti aliliona hilo. Akalisukuma mbali. Harufu ikampiga puani… udongo mbichi, ule wa chini kabisa, ambako jembe halifiki.

Vyura wote wa kijitoni wakanyamaza.

Ndani, Apolonia, mama yake Laurenti, alikuwa amemwegemeza mkwewe kifuani.

"Afadhali umefika, mwenzangu."

Hakujibiwa. Laurenti akatia komeo mlangoni. Mgeni akapiga magoti. Vidole vyake vikaingia chini ya nguo.

Tak.

Fundo la kwanza. Mtoto wa kiume akatoka palepale, kama aliyesukumwa. Mgeni akamwinamia, akamnong'oneza sikioni. Neno moja.

Tak.

La pili. Wa kike. Naye akanong'onezwa lake.

"Laurenti…" Genoveva alisema kwa shida. "Mkono wake… ni wa baridi."

Laurenti akainua kibatari amtazame usoni. Kikazimika. Alipokiwasha tena palikuwa na mkewe, watoto wawili, na Apolonia aliyejiziba mdomo kwa kiganja. Komeo lilikuwa mahali pake.

"Hodi… hodi wenyewe."

Laurenti akafungua. Bibi Theresia aliingia akichechemea, mwenge wa majani mkononi, jasho linamtiririka.

"Moyo umenituma nije nimtazame…" Akaona watoto. Akaona ugwe sakafuni, umenyooka, hauna fundo. "Nani kafungua?"

Apolonia akamtazama mwanawe. Theresia naye akamgeukia.

"Laurenti, baba. Umemwita nani?"

"Wewe, Bibi. Pale kwenye migomba."

"Ulinisalimu?"

"Nilikusalimu."

"Nikaitikia?"

Laurenti akatikisa kichwa.

"Magharibi humwambii haja yako mtu asiyeitikia marahaba," Theresia alisema taratibu. "Hata mtoto anajua. Umemtaja mkeo, umeomba afunguliwe. Kafunguliwa." Akawatazama wale wachanga. "Na anayefungua ndiye anayetoa jina. Alisemaje?"

Hawakusikia.

Genoveva aliishi. Uvimbe ulishuka, ila macho hayakurudi sawasawa. Giza likianza kuingia, haoni kitu. Padri aliwabatiza watoto Lukas na Romana. Majina mazuri, lakini hayakuwashika. Ukiwaita wanatazama pengine. Na kijiji, kilichokosa watu wanne wa kushika machela, hakikukosa maneno: kosa ni la Laurenti, kosa ni la Laurenti. Jumbe hakutajwa hata siku moja.

Kila magharibi watoto wale huacha kunyonya kwa pamoja. Hugeuza shingo kwa pamoja, kuelekea mlangoni. Hutabasamu… kama walioitwa.

Laurenti huvuta kigoda, akaketi, akaubana mlango kwa mgongo wake.

"Wameacha tena," Genoveva humwambia gizani. "Wanatazama wapi, mume wangu?"

"Wanakutazama wewe," hujibu Laurenti, huku mbao zikimsukuma mgongoni… polepole… kutoka nje.