Mbili Iliyogeuka Nane

Jumamosi asubuhi, nyumbani kwa Clavery huko Maruku, watu walikuwa wakimenya ndizi. Benadetha, mke wa Clavery, alikaa kwenye kigoda. Binti yao Annastella alikaa mkekani. Maharage yalikuwa yameiva na yalisubiri ndizi. Lakini Annastella alikuwa ameshika ndizi moja tu, mpaka utomvu ukamkaukia vidoleni.

“Mwanangu, hiyo ndizi unaimenya au unaiombea?” Benadetha alimtania.

Annastella hakucheka. “Mama, karatasi za mtihani wa Fizikia zimerudi. Nimepata sifuri.”

“Sifuri? Wewe?”

“Wanafunzi kumi na mmoja tumeandika jibu lile lile kwenye swali la kwanza, na jibu hilo si sahihi. Mwalimu Machibya anasema tumenakiliana. Ametupa sifuri wote.”

Clavery alikuwa barazani na majirani wawili, wakitafuna punje kavu za kahawa. Alisikia kila neno. Alisimama mlangoni.

“Umeiba majibu?” aliuliza.

“Sijaiba, Tata,” Annastella alimjibu baba yake.

“Watu kumi na mmoja mnakosea namna moja, na hamkuibiana? Mimi si mtoto, Annastella. Katika ukoo wetu hakuna mwizi. Kuliko kuniletea jina hilo, iache hiyo Fizikia. Usome masomo mengine.”

Alisema kwa sauti kubwa, mbele ya wageni. Majirani wale waliinamisha macho. Jambo kama hilo likishasemwa barazani, kabla ya jua kuzama limefika hadi vijiji vya Kashozi.

Annastella alikuwa kidato cha pili. Kila alipokwenda Bukoba mjini alisimama bandarini kuitazama meli, akijiuliza chuma kizito namna ile kinaendaje juu ya maji. Alitaka kuwa mhandisi wa meli, na bila Fizikia hakuna uhandisi. Mwalimu Machibya alikuwa amewaambia wazi: Ijumaa mtarudia mtihani. Atakayeshindwa hataendelea na Fizikia kidato cha tatu.

Annastella alimenya ndizi zilizobaki. Alipomaliza alinawa mikono, akasema, “Mama, mimi siachi. Nitatafuta kosa langu liko wapi.”

“Basi tukimaliza kula tunakwenda kwa Mwalimu Alistidia,” alisema Benadetha. “Na huyo baba yako tumwache kwanza apoe.”

Alistidia alikuwa jirani yao. Alifundisha Fizikia katika sekondari moja ya Muleba, lakini siku hizo alikuwa nyumbani, likizo ya uzazi. Waliwahi kumwona akisahihisha karatasi huku ananyonyesha.

“Hodi waitu!” Benadetha aliita kwa adabu ya Kihaya.

“Karibu, Ma Benadetha. Piteni, lakini polepole. Mtoto amelala.”

Annastella alitoa karatasi yake. Alistidia alisoma swali la kwanza. Swali lilikuwa la Kiingereza. Lilisema hivi: mtu mwenye baiskeli alikwenda kilomita 24 kwa muda wa “2 hours”. Tafuta mwendokasi wake. Chini yake Annastella alikuwa ameandika 3.

Alistidia hakusema kwamba jibu si sahihi. Aliuliza tu, “Hii tatu umeipataje?”

“Nimegawa ishirini na nne kwa nane.”

“Nane imetoka wapi? Humu kuna mbili.”

“Si ni saa mbili, mwalimu? Saa mbili kwa Kizungu ni nane. Unaongeza sita. Tata alinifundisha tangu nikiwa mdogo, aliponunua saa ya ukutani. Na Mwalimu Machibya anatukumbusha kila siku: kwenye Fizikia tumieni saa za Kizungu, msiniletee saa za Kiswahili. Ndiyo maana nikaongeza.”

Alistidia aliziba mdomo kwa kanga asimwamshe mtoto kwa kicheko.

“Nisamehe, mwanangu, sikucheki wewe. Nacheka kwa sababu hujaiba. Mwizi hawezi kueleza jibu lake namna hiyo! Na wenzako kumi nao wanajua kuongeza sita. Kila mtoto wa nchi hii anajua.”

“Kwa hiyo kosa liko wapi?” aliuliza Benadetha. “Maana mimi mwenyewe sijaliona.”

Alistidia alimtazama mtoto wake. “Ma Benadetha, nikikwambia ‘mtoto huyu amelala saa mbili’, unaelewa nini?”

“Kwamba alilala asubuhi, saa mbili.”

“Na wewe, Annastella?”

“Mimi naelewa amekaa usingizini saa mbili. Saa moja, halafu saa nyingine.”

Mama na mwana walitazamana. Maneno yalikuwa yale yale, na kila mmoja alikuwa ameelewa jambo lake.

“Mnaona?” alisema Alistidia. “Lugha yetu ni tamu, lakini hapo imetutegea. Saa mbili ya kwanza ni wakati. Wakati unajibu swali la ‘lini?’ Saa mbili ya pili ni muda. Muda unajibu swali la ‘imechukua kiasi gani?’ Wakati unausoma kwenye saa ya ukutani. Muda unaupata kwa kutoa: wakati wa kufika, toa wakati wa kuondoka.”

“Na ile sita?” aliuliza Annastella.

“Sita ni ya wakati peke yake. Wazungu wanaanza kuhesabu usiku wa manane na adhuhuri, sisi tunaanza jua likichomoza na likizama. Tumepishana mahali pa kuanzia, basi. Muda hauongezwi kitu. Tazama. Mtu akiondoka saa mbili na kufika saa tano, ametumia muda gani?”

“Saa tatu.”

“Haya, geuza wakati wote uwe wa Kizungu.”

Annastella alihesabu kwa vidole. “Ameondoka nane, amefika kumi na moja. Kumi na moja toa nane…” Alivikunja vidole tena. “Tatu! Ni ile ile tatu!”

“Ni ile ile. Usingizi wa mtoto hauwi mrefu kwa sababu mama yake amesoma saa ya Kizungu. Laiti ungekuwa!”

Benadetha alipiga goti lake kwa kiganja. “Yesu wangu! Kumbe Rozi hakunidanganya!”

Rozi alikuwa dada yake Clavery, mfanyabiashara wa samaki katika kisiwa kimoja cha Muleba. Mwaka uliopita Benadetha alitaka kumtembelea. Alimpigia simu, akauliza, “Wifi, boti ni saa ngapi?” Rozi akajibu, “Ni saa tatu tu.” Benadetha alifika mwaloni, boti zinapotia nanga, saa mbili na nusu, akajiona mjanja. Alikuta boti imeondoka tangu saa moja. Alirudi nyumbani na mkungu wake wa ndizi, na tangu siku hiyo alikuwa akimsema Rozi vibaya.

“Alikuwa anaitaja safari!” alisema Benadetha. “Safari inachukua saa tatu tu. Ile ‘tu’ nilipaswa kuisikia. Mimi nikadhani ananiambia boti inaondoka lini. Mwaka mzima nimemnunia mtu wa watu!”

Alimpigia Rozi hapo hapo. Walicheka kwenye simu mpaka mtoto akaamka, na Alistidia akalazimika kufundisha huku anambembeleza begani.

“Sasa mwendokasi,” alisema. “Mwendokasi ni umbali uliokwenda, ukigawa kwa muda uliotumia. Umegawa kwa wakati, ndiyo maana umepotea. Gawa kwa muda.”

“Ishirini na nne kwa mbili. Kumi na mbili. Kilomita kumi na mbili kwa saa.”

“Vizuri. Lakini usinikubalie haraka. Utajuaje kwamba kumi na mbili ni jibu la kweli, na tatu si la kweli?”

Annastella aliirudia hesabu pembeni mwa karatasi, akapata kumi na mbili tena.

“Kesho baada ya misa tutauliza barabara,” alisema Alistidia.

Jumapili walikutana njia panda. Kulikuwa na kibao kilichoandikwa kwamba shule iko kilomita mbili mbele. Alistidia alimpa Annastella simu yake na kumwonyesha pa kubonyeza ili kuanza kupima muda na pa kubonyeza ili kusimamisha. Benadetha alijitwisha kikapu chake.

“Tembea kama siku zote, Mama. Usikimbie,” alisema Annastella.

“Nikimbie na magoti haya?”

Walitembea mpaka shuleni. Simu ilionyesha dakika thelathini.

“Kilomita mbili kwa nusu saa,” alisema Annastella. “Kwa saa nzima zingekuwa nne. Mama anakwenda kilomita nne kwa saa.” Halafu alisimama. “Lakini ile baiskeli yangu ya kwenye mtihani ilikwenda tatu!”

“Ndiyo,” alisema Alistidia. “Mama yako angeipita na kikapu kichwani. Umewahi kuona baiskeli hiyo?”

Annastella alicheka kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa. Lakini hakuridhika. Alitaka kupima baiskeli yenyewe, na baiskeli ilikuwa ya baba yake. Waliporudi nyumbani alimwomba.

“Fizikia tena?” alisema Clavery. “Si nilisema?”

“Umesema, Tata. Nami nakuheshimu. Lakini sikuiba, na nataka kukuonyesha kwa miguu yako mwenyewe.”

Clavery alitaka kukataa. Benadetha alishika usukani wa baiskeli. “Basi nipe niiendeshe mimi.” Watu walikuwa wanatoka misa ya pili, na Clavery hakutaka wamwone mkewe akianguka shimoni. Aliichukua baiskeli, akaenda nao njia panda.

Alistidia alitangulia shuleni kwa pikipiki, mtoto mgongoni. Annastella alibaki njia panda na simu ya Benadetha, ya kuongea na Alistidia na ya kupima muda pia. “Nenda, Tata!” alisema, akabonyeza. Clavery alipofika, Alistidia alipiga kelele simuni, na Annastella akabonyeza tena. Dakika kumi.

Baba aliporudi, jasho likimtiririka, alimkuta binti yake amechora hesabu mavumbini kwa kijiti.

“Dakika kumi ziko mara sita katika saa moja,” alisema Annastella. “Kilomita mbili mara sita ni kumi na mbili. Tata, umekwenda kilomita kumi na mbili kwa saa. Ndilo jibu lililotakiwa. Mimi niliandika tatu kwa sababu niliona ‘saa mbili’ nikaongeza sita, kama ulivyonifundisha.”

Clavery aliifuata ile hesabu kwa kidole, mstari kwa mstari. Alielewa. Uso wake ulibadilika.

“Kwa hiyo ni mimi,” alisema.

“Hapana, Tata. Sita yako ni sahihi. Niliipeleka mahali pasipo pake.”

Clavery alisukuma baiskeli yake mpaka nyumbani, hakuipanda.

Jumatatu Annastella alikwenda ofisi ya walimu kabla ya kengele. Tuseme ukweli: Mwalimu Machibya alikuwa mkali, na darasa lake lilikuwa na watoto wengi kuliko madawati. Hata hivyo aliingia.

“Mwalimu, naomba nikueleze tatu yangu imetoka wapi. Ukiona naongopa, uniadhibu.”

Alieleza yote, wakati na muda, na ile sita. Mwalimu Machibya alisikiliza, kalamu mkononi. Kisha alitoa karatasi za wale kumi, akazisoma moja moja. Watoto wawili walikuwa wameandika ile nane pembeni, na alama ya kujumlisha. Na siku ya mtihani walikuwa wamekaa pande mbili za darasa, mbali mbali.

“Nilitazama jibu tu,” alisema polepole. “Sikutazama njia. Na ni mimi niliyewaambia saa za Kizungu, saa za Kizungu.”

Siku hiyo aliingia darasani akasema mbele ya wote, “Hakuna aliyenakili. Nimewasingizia. Mniwie radhi.” Halafu akamwita Annastella ubaoni aeleze. Annastella aliandika maneno mawili, WAKATI na MUDA, na darasa zima likamsikiliza. Tangu siku hiyo, kila anaposahihisha, Mwalimu Machibya huuliza kwanza mwanafunzi amefikaje kwenye jibu.

Jioni zote za wiki ile Annastella alifanya maswali. Akishindwa, alivuka njia kwenda kwa Alistidia. Kila swali aliliuliza: hii ni lini, au ni kiasi gani? Ijumaa walirudia mtihani, na swali la mwisho lilikuwa na mtego: treni inaondoka saa hii, inafika saa ile, inapumzika njiani. Alitoa, akapata muda wote, akagawa. Kisha akajiuliza kama jibu linafanana na treni anayoijua kwa kusikia. Lilifanana.

Jioni ile ile matokeo yalitoka, naye alipata alama themanini na moja. Jina lake liliingia kwenye darasa la Fizikia la kidato cha tatu, pamoja na majina ya wenzake tisa kati ya wale kumi. Yule mmoja alisema hapendi Fizikia hata akifaulu, naye aliachwa aende kwenye historia yake kwa amani.

Kesho yake, Jumamosi, Clavery aliwaita wale majirani wawili. Walipokaa barazani aliwapa kahawa, halafu akamwita Annastella aje asimame karibu naye. Hawa ni watu wa Maruku. Baba haombi msamaha kwa mtoto mbele ya watu, na kila mmoja pale alilijua hilo.

“Wiki iliyopita nilisema neno mkiwa hapa,” alisema Clavery. “Nilimwita mwanangu mwizi. Nilisema mbele yenu, nami nalifuta mbele yenu. Mtu yeyote akiwauliza, mwambieni binti yangu hakuiba. Alikosea, akalitafuta kosa lake mpaka akalipata. Sasa anasoma Fizikia, nami ndiye ninayemsomesha.”

Wiki nzima Annastella hakuwa ametoa chozi. Hapo alilia.