Buibui wa Miiba Iliyopinda

Nzi-jicho arobaini walipaa kutoka paa la kituo cha utafiti, wakatawanyika msituni. Kila mmoja alikuwa kamera ndogo kama punje ya mahindi. Kila walichokiona kilipelekwa kwa Kitambuzi, akili bandia iliyobeba majina ya viumbe vyote vilivyowahi kupigwa picha. Kabla chai haijapoa, wadudu elfu tatu walikuwa wameshatajwa.

Namkunda Mshana, mtaalamu wa buibui, alifanya kazi peke yake. Wenzake waliondolewa mwaka ule Kitambuzi kilipoletwa, yapata miaka kumi sasa. Yeye aliachwa abonyeze neno moja: Nathibitisha.

Asubuhi hiyo nzi-jicho mmoja alinasa kwenye utando. Namkunda alipokwenda kumnasua, alimkuta mwenye utando: buibui jike wa manjano, mgongo mgumu na mpana kama gamba la kaa, miiba sita.

"Buibui-miiba wa kawaida," Kitambuzi kilisema kutoka kwenye kifaa kilichokuwa mkononi mwake. "Uhakika, asilimia tisini na tisa."

Lakini miiba miwili ya kati ilikuwa mirefu, imepinda kuelekeana kama pembe za ng'ombe. Namkunda akampigia simu Mzee Kirumbi, mwalimu wake, ambaye siku hizi macho yake hayaoni.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Leo umenikumbuka."

Alimweleza yote. Mzee akauliza, "Hiyo ya kati imeota wapi? Ukingoni au juu ya mgongo?"

"Juu ya mgongo."

"Basi huyo hana jina bado, mwanangu."

Namkunda akakifundisha Kitambuzi tofauti hiyo. Kilipitia upya picha zake zote kwa dakika nne, kikarudi na picha kumi na saba za buibui kama huyo. Zote zilipigwa miaka tisa iliyopita, katika bonde lililo upande wa pili wa mlima. Katika moja alionekana hata dume, mdogo kama ufuta. Bonde hilo lilifyekwa lote kupisha mitambo ya umeme, baada ya ripoti iliyotegemea picha hizo kusema halina kiumbe adimu.

Chini ya kila picha paliandikwa: Buibui-miiba wa kawaida. Nathibitisha, N. Mshana.

Hakuwa amefungua hata picha moja.

"Mzee, bado upo?"

"Nipo."

"Bonde lile, mimi ndiye niliyelithibitisha."

Alingoja alaumiwe. Mzee Kirumbi alishusha pumzi tu. "Huyo uliye naye hapo, yu hai?"

"Yu hai."

"Basi mtazame vizuri. Utanieleza."

Simu ikakatika. Kitambuzi kikauliza kama kisajili aina mpya, idadi inayojulikana: mmoja. Namkunda akakizima, akaketi kwenye majani mabichi. Buibui alivuta uzi, akaubandika, akavuta mwingine. Namkunda alimtazama mpaka jua likavuka upande wa pili, akitafuta maneno ambayo mtu asiyeona angeweza kumwona nayo.