Kopo Lisilo na Jina

Mtaani mwanamke huyu walimwita Fundi Rangi. Alipaka rangi nyumba za watu, na kazi hiyo aliipenda. Asubuhi alivaa suruali yake yenye madoa, akabeba ndoo na brashi, akapanda jukwaa la mbao pamoja na wanaume. Mwanzoni walimcheka. Walipoona mistari yake inavyonyooka, walifunga midomo.

Msimu mmoja walipewa kazi ya kupaka ghorofa kwa nje, upande wa jua. Jua lilimpiga toka asubuhi mpaka alasiri. Muda si muda uso wake, shingo na mikono vikawa vyeusi kuliko sehemu zilizofunikwa na nguo. Akivua shati, ungedhani amevaa glavu.

Mumewe alikuwa fundi cherehani. Yeye hakuona tatizo.

"Jua limekupenda kuliko mimi," alimtania.

Lakini dada wa mume alikuwa anakaribia kuolewa. Siku aliyokuja kuzungumza habari za harusi, alimtazama Fundi Rangi juu mpaka chini.

"Wifi, umeungua hivi? Kwenye picha zangu utaonekana meno tu!"

Watu wote sebuleni waliangua kicheko. Fundi Rangi alicheka nao. Ni mambo ya mawifi, utafanyaje? Lakini neno lile lilimkaa moyoni kama mwiba.

Kesho yake alikwenda saluni kusuka. Msusi alikuwa mwanamke mcheshi, mweupe wa uso, ila vifundo vya vidole vyake vilikuwa vyeusi. Fundi Rangi alipomweleza maneno ya wifi yake, msusi aliinama chini ya meza, akatoa kopo. Halikuwa na jina, wala maandishi yoyote.

"Ni mkorogo wa kung'arisha ngozi, nauchanganya mwenyewe," alisema. "Paka asubuhi na jioni, utaniletea zawadi."

"Hauna madhara?"

"Nitazame mimi. Nimekufa?"

Wakacheka. Fundi Rangi akalitia kopo mkobani.

Mkorogo ule ulifanya kazi haraka. Siku ya harusi uso wake uling'aa. "Wifi, umetakata!" bibi harusi alipiga kelele, akamkumbatia mbele ya watu. Fundi Rangi alijiona amezaliwa upya.

Harusi ilipopita, akasema basi, sasa naacha. Hapo ndipo alipoona mambo. Uso ulimwaka kama umepakwa pilipili. Ukamwasha, ukatoka vipele. Juani hakuweza kukaa hata kidogo. Alipopaka tena, uso ukatulia. Alipoacha, ukawaka upya. Akabaki hapo, mbele hakwendeki, nyuma hakurudiki. Kopo likiisha, alirudi kwa msusi kuchukua jingine.

Alikuwa na binti mdogo waliyemwita Chiriku, kwa sababu hakuwa na nukta. Alianza kuongea akiamka na alinyamaza akilala. Akilala, hulala shavu lake likiwa juu ya shavu la mama yake. Taulo lao lilikuwa moja.

Siku moja Fundi Rangi aliingia chumbani ghafla. Chiriku alisimama mbele ya kioo, uso mzima umejaa mkorogo.

"Unafanya nini wewe?"

"Najipaka, mama. Na mimi nataka niwe mzuri."

"Nani kakwambia wewe si mzuri?"

Mtoto alimtazama kupitia kioo.

"Mimi niko kama ulivyokuwa wewe zamani," alisema.

Fundi Rangi alichukua taulo akamfuta, akaliweka kopo juu ya kabati. Hakujua kwamba haikuwa mara ya kwanza, na hakujua kwamba juu ya kabati mtoto alifika kwa kupanda kiti.

Wiki zikapita. Asubuhi moja Chiriku aliamka macho yamevimba. Wakadhani ameumwa na mdudu. Kisha miguu nayo ikavimba. Ukibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Chiriku akaanza kukaa kimya. Kimya hicho ndicho kilichomtisha baba yake kuliko uvimbe.

"Twende kituo cha afya," alisema. "Sasa hivi."

Daktari wa kituo alikuwa mama mtu mzima, mwenye sauti ya chini. Alimpima mtoto mkojo, akarudi na uso mzito.

"Figo za mtoto zinavuja," alisema. "Zinatoa nje kitu ambacho mwili unakihitaji. Ndiyo maana anavimba. Sasa nijibuni ukweli. Nyumbani kuna mtu anayepaka mkorogo?"

"Hakuna," alisema Fundi Rangi haraka.

Daktari hakubishana. Mume aligeuka, akamtazama mkewe. Kwa miezi mingi alikuwa ameuona uso ule ukibadilika, na alikuwa amenyamaza ili kuepusha ugomvi.

"Mke wangu," alisema polepole, "mtoto ni wetu sote."

Machozi yalimtoka Fundi Rangi. Akasema yote: harusi, kopo, kioo.

"Sikukuuliza ili nikuhukumu," alisema daktari. "Kaa, usikilize. Mikorogo mingi huwa na zebaki. Zebaki ni sumu. Hupenya kwenye ngozi, ikaingia kwenye damu, ikaharibu figo na ubongo. Humdhuru hata asiyejipaka. Mtoto huipata kwenye shavu la mama, kwenye mto, kwenye taulo. Na mimba ikiwapo, hufika mpaka tumboni."

"Na huu moto wa usoni?"

"Mara nyingi humo hutiwa pia dawa kali za ngozi. Zikipakwa ovyo kwa muda mrefu, ngozi huwa nyembamba kama karatasi. Ukiziacha, huwaka. Mtu hudhani mkorogo unamtibu, kumbe ndio uliomfunga. Uache leo. Uso utawaka kweli, nami nitakupa dawa ya kuutuliza. Lakini usiurudie."

"Daktari, mimi nilitaka tu kuondoa weusi wa jua."

Daktari alivuta kiti, akakaa karibu naye.

"Ule haukuwa ugonjwa, mwanangu. Ngozi ikipigwa na jua hujikinga kwa kuwa nyeusi. Ile ya juu hutoka kidogo kidogo, mpya ikaja. Ukiikinga, weusi wa jua hufifia wenyewe. Vaa kofia pana na shati la mikono mirefu. Jua likiwa kali, fanya kazi upande wenye kivuli. Paka mafuta ya kukinga jua, yenye maandishi yanayosema ndani mna nini. Oga kwa sabuni isiyo kali, usijisugue kwa mawe wala dawa za kufulia. Halafu vumilia. Utarudi kwenye rangi yako. Ya mtu mwingine usiitafute."

Akawaagiza walete kopo likiwa limefungwa vizuri kwenye mfuko, wasilitupe wala wasilichome. Mashuka na taulo wayafue mbali na nguo nyingine. Kisha akaandika mtoto apelekwe hospitali kubwa.

Siku za hospitali zilikuwa ngumu. Fundi Rangi alikaa kando ya kitanda, uso umevimba, mwekundu, ukitoka magamba. Wagonjwa wengine walimkodolea macho. Hakuficha uso. Wifi yake alikuja na nguo za mtoto, akasimama mlangoni.

"Nilitania tu, wifi," alisema.

"Najua. Lakini ulimi hauna mfupa, na mimi nilikuwa sina akili. Njoo umshike mtoto, nikanawe."

Dawa zilifanya kazi, ingawa polepole. Uvimbe ulishuka. Asubuhi moja Chiriku alimuuliza muuguzi kwa nini viatu vyake vinalia, na kabla hajajibiwa, akauliza swali jingine. Baba yake aligeukia ukutani, akafuta macho.

Waliporudi nyumbani, Fundi Rangi alikwenda saluni. Njiani alikuwa amepanga maneno ya kumchambua msusi kama karanga. Alimkuta amekaa kwenye kiti cha wateja, miguu juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Mwanangu alitaka kufa," Fundi Rangi alisema. "Kwa kopo lako."

Akamweleza yote. Msusi aliinua gauni mpaka magotini. Miguu yake ilikuwa imevimba, inang'aa.

"Nilidhani ni kusimama sana," alisema kwa sauti ndogo. "Naogopa."

Maneno yote aliyoyapanga Fundi Rangi yalimpotea. Alimsaidia kuvaa viatu, wakafunga saluni mchana kweupe, wakaenda kwa yule daktari.

Miezi ikapita. Chiriku alipimwa tena na tena, mpaka daktari akasema figo zake zimepona. Uso wa Fundi Rangi ulitulia. Madoa machache yalibaki mashavuni, na daktari alimwambia huenda yasiondoke yote. Lakini weusi wa jua ulififia kama alivyoambiwa, kwa kofia pana na subira. Mafundi wenzake walimtania kuhusu kofia ile, kisha mmoja mmoja wakanunua za kwao. Msusi alibaki kwenye dawa, maana ugonjwa wake ulikuwa umekaa sana.

Siku moja, wakitoka kliniki, msusi alisimama.

"Na wateja wangu je? Wote mimi ndiye niliyewapa mkorogo."

"Tutawafuata."

"Watanitukana."

"Watakutukana. Twende."

Walipita nyumba kwa nyumba. Wengine waliwatukana kweli. Mmoja aliwafungia mlango. Katika nyumba ya mwisho walimkuta mwanamke mjamzito anaanika nguo. Aliwasikiliza mpaka mwisho, mkono mmoja tumboni. Aliingia ndani, akatoka na kopo, akampa msusi.

Kisha akasema, "Ngojeni nivae viatu. Mnipeleke huko kwa daktari."