Siku Mutheu Alipomtaja Kasyoka

"Mama, mbona umemleta huku?" Mutheu alinong'ona, macho yakiwakimbilia wenzake wa kazi.

"Tangu asubuhi analia, anakutaka wewe. Ningefanya nini?" Mama yake, Kalunde, alijibu, amemshika mkono mjukuu wake Kasyoka, wa miaka saba.

Siku hiyo kiwanda chao cha maji ya chupa pale Kyumbi kilikuwa na harambee ya watoto wenye usonji. Wafanyakazi mia mbili walivaa fulana za buluu. Aliyeshika maikrofoni ni Nzau wa stoo, mchumba wa Mutheu kwa mwaka mzima. Nzau hakujua Mutheu ana mtoto, sembuse mtoto mwenye usonji.

Ghafla spika zikalipuka kwa muziki. Kasyoka akaziba masikio, akajitupa sakafuni, akapiga mayowe.

"Huyo ni wa nani? Hana adabu!" mtu akafoka.

Mutheu alimsogelea mwanawe. Babake Kasyoka aliwaacha akisema hawezi kulea laana. Leo Mutheu akisema ni mtoto wa jirani, nani atajua?

Akapiga magoti kando ya mtoto.

"Ni mtoto wangu!" akasema. "Anaitwa Kasyoka. Ako na usonji. Zimeni muziki, tafadhali."

Nzau aliduwaa. Kisha akachomoa waya wa spika, akaja mikono mitupu.

"Anataka nini, Mutheu?"

"Kimya tu."

Nzau akawageukia watu.

"Tusipige makofi," akasema polepole. "Tumsalimie hivi."

Akainua mikono, akatikisa vidole. Mmoja akamfuata, wakafuata kumi, kisha ukumbi mzima. Mikono mia nne juu, na husikii hata kiatu.  Tangu azaliwe Mutheu hakuwa ameona kitu kama kile. Kasyoka akaachia sikio moja, akaitazama ile mikono, naye akatikisa vidole vyake.

"Ngai wangu! Mungu wangu!" Kalunde akasema, machozi yakimtoka.

Walipotoka nje, Nzau hakumtazama Mutheu usoni.

"Mwaka mzima, Mutheu?"

"Niliogopa utaenda kama babake."

"Mimi si babake. Lakini umeniumiza."

"Nisamehe, Nzau."

Nzau akaondoka. Siku tatu simu ilinyamaza. Ya nne, ujumbe ukaingia:

"Jumamosi tunakuja kwenu Kangundo. Mama anauliza, Kasyoka anakula nini?"

Mutheu aliusoma mara tatu, ndipo akaandika:

"Wali mkavu, bila supu. Na msimguse mpaka aje mwenyewe."

Jumamosi Nzau alifika na wazee wake, mama yake, aitwaye Loise, na mbuzi watatu wa ntheo, wale wa kuposa. Kalunde akauliza kama desturi inavyotaka:

"Wageni wetu, mmekuja kumwomba nani?"

"Wawili," Loise akajibu. "Mutheu na Kasyoka. Mkitunyima mmoja, tunarudi na mbuzi wetu."

Kalunde alimtazama binti yake, aliyekuwa amefunika uso kwa leso, mabega yakimtetemeka.

"Basi," akasema, "ingizeni mbuzi zizini."