Mshipi Ulioachwa Mtoni

Goretti na mumewe Birindwa walitoka Kongo, wakapanga nyumba ugenini, katika mji wa Bloomington, karibu na mto. Mwezi wa nne, barafu ilipoisha, Birindwa alianza kuvua. Kila Ijumaa jioni alifunga mtini mshipi wa ndoana kumi, akauacha, kama alivyofanya baba yake ziwani Kivu. Kisha wakaenda kanisani kuomba.

Jumamosi moja asubuhi, ukungu ulilala juu ya mto. Upepo haukuwepo. Lakini tawi lenye mshipi liliinama, likainuka, likainama tena. Taratibu, kama kifua cha mtu aliyelala.

"Baba Shekinah, usivute kwanza," Goretti alimnong'oneza mumewe.

"Unaogopa samaki? Eh, leo iko nyama ya mwezi mzima!"

Akavuta. Wa kwanza alikuja amekufa, mrefu kama mtoto, macho wazi, mgongo umejaa magamba ya mfupa. Mshipi ukavuta bado. Kichwa kikubwa zaidi kikatokea, chenye sharubu nne. Mdomo ulifunguka na kufumbika bila sauti, kana kwamba unataja jina.

"Yesu wangu!" Goretti akampigia simu jirani yao Mkenya, Kemunto, ambaye kazi yake ni kuhesabu samaki wa mto.

"Msimtoe majini! Nakuja!"

Kemunto alifika mbio na koleo la kukatia waya.

"Huyu ni stajeni, samaki wa kale, wamebaki wachache. Sheria inamlinda. Jike hukaa miaka ishirini na zaidi kabla ya kutaga, na huyu ana mayai. Baba Shekinah, mshipi usio na mtu ni marufuku hapa. Wewe umelala, ndoana zinaua."

"Na yule mwingine?" Birindwa aliuliza, akimwonyesha aliyekufa.

"Yule tumechelewa."

Ndoana ilikuwa imemezwa. Kemunto hakuing'oa. Alikata mshipi karibu na mdomo, akamshika samaki majini, kichwa chake kikielekea mkondo. Goretti aliomba kimoyomoyo. Mkia ukatikisika. Samaki akazama, maji yakamfunika.

Birindwa mwenyewe aliwapigia simu maafisa wa uvuvi, akaeleza yote. Tangu hapo huvua kwa fimbo moja mkononi, ndoana moja, kijino chake cha kunasia kimebanwa kwa koleo ili itoke kwa urahisi. Hurudi na kambare wanaoruhusiwa.

Mwezi wa tano Kemunto aliwaita mtoni. Kwenye maji ya kina kifupi, mawe yalikuwa yakisogea.

Goretti akarudi nyuma. "Mawe yanatembea!"

"Angalia vizuri, mama."

Ilikuwa migongo. Stajeni walikuwa wanataga.