Kina cha Alama ya Kumi na Nne

Likizo ile ndefu niliishi ndani ya boti. Shangazi yangu alikuwa nahodha wa boti ya kupima kina cha bandari, na alimwomba baba anikabidhi kwake mwezi mzima. Kila asubuhi niliamshwa na birika la chai likigongana na jiko dogo la chuma. Nilinyoosha miguu polepole, maana kitanda changu kilikuwa chembamba hivi kwamba kabla ya kujigeuza ilinibidi nijipange kwanza. Kisha nilisogeza uso kwenye dirisha la duara, nikaitazama bandari.

Bandari yenyewe ilikuwa kongwe kweli. Ngazi za mawe zililiwa na nyayo za watu mpaka zikabonyea katikati. Pete za chuma za kufungia meli zilisagwa na kamba, nyingine zikabaki nyembamba kama bangili. Shangazi aliniambia ukuta ule ulijengwa miaka mia nne iliyopita, na mawe yake yalibebwa mgongoni, moja moja. Nilibaki nimeduwaa.

"Funga mdomo, mjukuu wangu, nzi wataweka makazi," alisema fundi mitambo, mzee ambaye hakuwahi kumaliza siku bila kumtania mtu.

Kilichonishangaza zaidi lakini ni kile kisichoonekana. Mvua kubwa zilikuwa zimeleta mchanga kutoka mtoni, na hakuna aliyejua umetua wapi. Mashine ya kupimia ilikuwa mbovu ikisubiri kipuri, kwa hiyo tulitumia bildi, yaani kipande kizito cha madini ya risasi kilichofungwa kwenye kamba yenye alama za mita. Dada Mpima, mwanamke mwenye mikono mirefu kuliko yeyote niliyewahi kumwona, aliirusha kutoka mbele ya boti. Chini ya ile risasi kulikuwa na kishimo kilichopakwa sabuni ili kinase chochote kilichopo chini. Mara kilipandisha mchanga, mara tope. Siku moja kilipandisha kigae cha sahani ya buluu. Nilikishika, mwili ukanisisimka. Mtu fulani alikula kwenye sahani ile kabla babu wa babu yangu hajazaliwa.

Kazi yangu ilikuwa kuandika. Dada Mpima alitaja kina kwa sauti, nami nililazimika kukirudia kwa sauti kabla ya kukiandika, ili ahakikishe nimesikia. Nisiposikia, niseme, "Rudia!" Siku ya kwanza nilisema "rudia" mara sita. Fundi alicheka hadi akashika kiuno, akanibatiza Bi Rudia. Wenzangu, jina hilo lilinichoma. Nilijiapiza kwamba halitatoka tena kinywani mwangu.

Asubuhi moja tulipima mlango wa bandari, njia nyembamba kati ya ukuta wa kale na mwamba. Meli kubwa ya nafaka ilikuwa imetia nanga nje, ikisubiri kuingia alasiri. Tulienda alama kwa alama, yaani sehemu zilizopewa namba kwenye karatasi yetu. "Nane!" aliita Dada Mpima. "Nane!" niliitikia. "Nane kasoro robo!" Nikaitikia, nikaandika.

Tukielekea alama ya kumi na nne, katikati ya njia, tulipita karibu kabisa na ukuta. Niliona alama za patasi kwenye mawe, na kwenye jiwe moja mtu alikuwa amechonga kiganja cha mkono, vidole vitano vimenyooka. Nilisahau kama nina kazi. Nilipozinduka, Dada Mpima alikuwa ameshataja kina, akivuta kamba. Fundi alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha injini akinitazama.

Nilichezesha midomo, nikanong'ona "nane" ndani ya kelele za injini. Dada Mpima aliona midomo ikienda, akainua dole gumba. Nikaandika nane. Alama ya nyuma yake ilikuwa nane, na iliyofuata pia ikawa nane. Nikajiambia, kuna ubaya gani?

Saa sita mchana rubani wa bandari, yule anayeingiza meli za wageni, alikuja gatini kuchukua karatasi.

"Tumbo la meli hii huingia majini mita sita na nusu," alisema akipitisha kidole kwenye safu ya namba. "Hapa hakuna penye chini ya saba. Safi kabisa! Nani kaandika?"

"Huyu binti wa kaka yangu," alijibu Shangazi, akitabasamu.

"Hongera, mwanangu. Mimi huko chini sioni kitu. Macho yangu ni haya maandishi yako."

Alinipa mkono. Nilimpa wangu, bila kuitaja ile nane. Niliwatazama mabaharia wakimpeleka kwa mashua hadi kwenye ile meli. Alipanda ngazi ya kamba ubavuni mwake, na mbele ya ukuta ule wa chuma alionekana mdogo kama sisimizi. Ndipo nilipotambua ukubwa wa kitu ambacho kingepita juu ya nane yangu. Mnyororo wa nanga ukaanza kunguruma. Nikamkimbilia Shangazi.

"Shangazi! Alama ya kumi na nne nimeibuni! Sikusikia, nikaandika tu!"

Alikimbilia redio. "Rubani, usiingie! Narudia, usiingie! Kosa ni la boti yangu. Tunapima upya."

Meli ikasimama. Watu gatini walianza kunyoosheana vidole. Sisi tukarudi kwenye mlango wa bandari, fundi akiendesha injini polepole. Dada Mpima akarusha.

"Tano na nusu!"

"Tano na nusu!" nilipaza sauti, machozi yakinitoka.

Hakika mchanga wa mto ulikuwa umejikusanya pale. Tulipima kulia na kushoto mpaka tukalijua fungu lote. Lilianzia kwenye mwamba likaishia katikati ya njia, lakini upande wa ukuta kulikuwa na nane kamili. Tuliweka boya jekundu ukingoni mwake, na Shangazi akamsomea rubani namba zote redioni.

Meli ikaja, polepole mno. Ilijaza anga. Ilipita kati ya boya letu na ukuta wa kale, karibu nasi hivi kwamba nilihesabu misumari ya bati zake na kuhisi mngurumo wake kifuani. Mawe ya miaka mia nne yalionekana madogo, na maji chini ya meli, yale niliyoyaandikia uongo, ndiyo yaliyoibeba. Niliogopa na kustaajabu kwa pamoja, na mpaka leo sijui kipi kilizidi.

Fundi alivua kofia. "Nisamehe, mjukuu wangu. Utani wangu ulikufunga mdomo."

"Utani ni wako, babu, lakini nane ni yangu," nilisema.

Shangazi aliketi kando yangu. Nilijiandaa kwa makaripio, lakini sauti yake ilikuwa ya chini.

"Kutosikia si kosa. Hata mimi husema rudia. Ungeacha nafasi wazi, rubani angeuliza, angepunguza mwendo. Nafasi wazi humfanya mtu awe mwangalifu. Namba ya uongo humfanya aje kwa kasi, moyo umetulia. Usipojua, mwanangu, sema hujui. Kuna watu wanaotembea juu ya neno lako."

Rubani aliposhuka, nilimfuata mwenyewe nikamwambia yote. Aliketi kwenye ngazi za mawe, akanirudishia karatasi aliyoisahihisha kwa kalamu.

"Nisomee tena," alisema. "Zote, tangu ya kwanza."

Nikamsomea. Kila namba aliirudia, na nilipofika ya kumi na nne niliitamka kwa sauti kamili: tano na nusu.