Sarafu Isiyooshwa

Jioni ile fundi saa alitumwa dawa. Dawa tu, na kurudi. Lakini huyu ndiye yule ambaye mtaa mzima unamwita Bwana Chenji, kwa sababu ukimrudishia sarafu lazima aigeuzegeuze, atie lenzi yake ya saa jichoni, aikague mpaka wenye haraka kwenye foleni waanze kusonya. Anatafuta zile adimu, zilizotoka kiwandani na kasoro: herufi iliyojirudia, tarehe iliyopinda, uso wenye mstari wa ziada. Na jamani, safari hii aliipata.

Siku chache nyuma aliiokota njia panda, imekaa peke yake juu ya mchanga uliofagiliwa. Watu wenye akili zao hukiruka kitu kama hicho. Yeye aliinama. Usiku uleule vidole vya mkewe vikafa ganzi. Kufikia jioni hii ya dawa, ganzi ilikuwa imeshapanda mpaka kifuani, na mke alikuwa anahema kwa shida.

"Umeleta nini humu ndani?" mama mkwe alimuuliza alipokuwa anatoka.

Akamwonyesha.

"Nipe nikaioshe kwa chumvi. Sasa hivi."

"Ikioshwa imeharibika, mama."

Ni kweli. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya watu wa sarafu: usioshe, usisugue, uchafu wake uache ulivyo. Mama mkwe akarudi kwa mgonjwa.

Dawa akanunua. Akiwa na kifurushi mkononi, akaona duka la vitabu vikuukuu bado lina taa. Mara moja tu, alijiambia. Mkewe anakata pumzi, yeye anaingia dukani kuchagua kitabu!

Muuza vitabu alimtolea miongozo mitatu ya sarafu, akaipanga mezani. "Huu mnene una kila kitu, lakini picha ni ndogo kama kucha. Huu umechorwa kwa mkono, na mchoraji naye ana mambo yake. Huu mwembamba una picha kubwa, na mshale unakuonyesha pa kutazama." Kisha akaenda nyuma kufunga madirisha.

Fundi akaanza kupekua ule mnene. Harufu ikamjia... udongo uliolowa, na chuma.

"Chukua mwembamba, kaka." Sauti ya mwanamke, ya kunong'ona, ubavuni kwake. "Ila sarafu yako haimo."

Hakuinua uso. Ndivyo walivyo hawa watu wa sarafu, macho yao huishia kwenye mikono ya watu. Aliona mkono umelala mezani. Ncha za vidole zilikuwa laini tupu, hazina hata mstari mmoja.

"Umejuaje kama nina sarafu?"

"Usiioshe."

Hapo nywele zilipaswa kumsimama. Wapi! Alifurahi, alidhani amepata mwenzake. Akageuka amuulize zaidi...

Hapakuwa na mtu.

"Yule dada kaenda wapi?" alimuuliza muuza vitabu aliporudi.

"Dada gani? Mlango nimeutia komeo ulipoingia tu."

Alilipa mwongozo mwembamba, akafunguliwa, akaondoka. Hakuhisi woga. Hakuhisi chochote, na hilo nalo halikumshangaza.

Nyumbani mama mkwe alipokea dawa, akakimbilia chumbani. Yeye akaketi jikoni, akafungua mwongozo, akatia lenzi jichoni. Kitabu kilieleza vizuri: mstari wa pili wa uso ukiwa bapa, mashine iliteleza tu, haina maana. Ukiwa umeinuka na kuachana na wa kwanza, hiyo ni adimu. Wa kwake ulikuwa umeachana. Asubuhi ulikuwa umeachana kidogo tu, alikuwa na hakika.

Sasa ulikuwa na pua.

Akafuta lenzi, akatazama tena. Nyuma ya kichwa cha bwana wa kwenye sarafu kilikuwa kinachomoza kichwa kingine. Cha mwanamke. Paji la uso. Mdomo. Na pale kidevuni, kovu ambalo mkewe alilipata utotoni alipoanguka kisimani.

Chumbani, kule kuhema kukakatika.

"Mwanangu!" Mama mkwe alikuja mbio. "Anakwenda! Nipe hicho kitu! Aliyeokota haoshi mwenyewe, atajifuta naye, nipe mimi!"

Hata hapo! Hata hapo, jamani, mkono wake ulirudi nyuma. Hajawahi kumwachia mtu sarafu yake aishike. "Nitaiosha mimi," akasema, akaimwagia chumvi, akafungua bomba, akasugua.

Maji yakatoka meusi. Uso ukafutika: pua, mdomo, kovu. Ikabaki sarafu ya kawaida inayong'aa, ya kununulia kiberiti.

Akafunga bomba.

Halafu kikohozi. Halafu nyayo.

Mkewe akasimama mlangoni pa jikoni, shuka kajifunga kwa mikono yake mwenyewe, vidole vyote vinakunjika. Mama yake akamkumbatia, analia na kucheka kwa pamoja. Fundi saa akasikia furaha inampanda. Akanyoosha mkono amshike mkewe.

Mke akarudi nyuma, akajibana kwa mama yake.

"Mama," alinong'ona, "huyu baba ni nani?"

Fundi akamgeukia mama mkwe amsaidie. Yule mama alimtazama kwa adabu, akamtazama tena, akatikisa kichwa.

"Hata mimi sijui, mwanangu. Nimemkuta tu hapa jikoni."

"Labda amepotea nyumba," mke akasema. "Mpe maji anywe, aende zake. Giza limeshaingia."

Akapewa maji. Furaha ilikuwa imeshamtoka, na mahali pake hapakuingia kitu. Akayanywa yote, akarudisha glasi, akashukuru, kisha akauliza mlango uko upande gani.